Ndege Gani, Mti Gani

Mimi ni msahihishaji. Ghorofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya duka la vipuri ambako vyuma hugongwa mchana kutwa
na taa yangu hutetemeka kila lori likirudi nyuma.
Kalamu nyekundu, chai ya tangawizi, kamusi isiyo na jalada:
hilo ndilo shamba langu.

Syokau alileta riwaya yake ya kwanza ndani ya mfuko wa unga.
Kurasa mia tatu na kumi za kijiji. Katika ukurasa wa pili:
*Ndege aliimba juu ya mti, na upepo ukavuma polepole.*
Nikaizungushia duara. Pembeni nikaandika:
Ndege gani? Mti gani? Upepo wa kutoka wapi?

Hakusema kitu. Alikunja mdomo, akakunja kurasa,
akashuka ngazi na mfuko wake,
nami nikajua nimefukuza mteja.

Mvua mbili zikapita.

Mara nikasikia ameonekana Njiru, kwenye machimbo,
ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamwuliza mvunja kokoto
jiwe hulia vipi kabla ya kupasuka.
Mara yuko Ruai, kwenye mabwawa ya maji taka,
leso puani, anahesabu yangeyange.
Mwingine akaapa kwamba amekodi chumba cha mabati Kamulu
kwa mama mmoja, Nthenya, na anakamua mbuzi vibaya
hata mbuzi wenyewe wanageuka kumtazama.

Siku aliporudi nilimjua kwa ngazi:
kila kipandio kiliachiwa bonge la udongo mweusi,
ule unaong'ang'ania kiatu kama deni.
Daftari lilikuwa limevimba kwa unyevu.
Ndani yake panzi mmoja, mkavu, amelala kwenye mkunjo.

"Siku ya kwanza," akasema, "niliona jani njiani, nikatoa kalamu,
nikamwuliza Nthenya, hili mnaliitaje?
Akaniambia: Hiyo ni mboga, na umeikanyaga."

Akacheka peke yake. Kisha akanisukumia ukurasa wa pili:

*Dudumizi alilia mara saba ndani ya mgunga,
na Nthenya, bila kuinua kichwa, akaanza kuanua mahindi.*

Basi. Hapakuwa na upepo katika sentensi ile,
lakini taa yangu ilitetemeka, na chini hapakuwa na lori.
Nikamkumbuka mama, Kabete, sauti yake ikipenya ukuta wa mbao:
Weee, nguo! Nguo zitalowa!
Alisikia nini, yeye, ambacho mimi sikukisikia?
Sikuwahi kumwuliza. Nilikuwa na kitabu mkononi.
Na mimi huyu, bwana wa *ndege gani*,
dudumizi angenitua begani nisingemjua.

Hilo sikumwambia Syokau.
Nilimwambia kwamba koma yake ya tatu haifai.

Tumesoma pamoja tangu Januari, jioni, vyuma vikinyamaza.
Kuna sura nzima ya ukoka unaorudi kwenye kiwanja
kilichouzwa mara mbili kwa watu wawili.
Kuna mlango wa choo unaofungwa kwa kamba ya katani.
Kuna ng'ombe asiye na jina kwa sababu atauzwa.

Jana tulifika mwisho. Nikakuta:
*Ilikuwa Aprili, mvua za vuli zilipoanguka.*
Hata mtoto wa darasa la nne anajua. Nikaikata *vuli*,
juu yake nikaandika *masika*.

Akanyoosha mkono, akaifunika kalamu yangu.
"Acha. Zilikuja Aprili na tabia za vuli,
zikabisha hodi, hazikukaa. Kunde zikatoa maua, zikaishia hapo.
Nthenya ndiye aliyeziita hivyo,
siku alipowamwagia kuku mbegu ya akiba."

Tuna alama ya kazi hiyo, ya kurudisha neno lililokatwa:
unaweka vitone chini yake.
Nikaviweka. Vinne, chini ya *vuli*, vyekundu.
Havikutosha hata kulowesha karatasi.